Maji Haya Yana Miaka Mingapi?

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari, nje nyuzi 19 chini ya sifuri, nami nimepiga magoti kwenye theluji nikimtazama samaki.

Kijito chenyewe ni kidogo. Mwenye miguu mirefu anakiruka mahali pengi bila kulowa. Siku ile mabonde yote ya magharibi mwa Wisconsin yalikuwa meupe na magumu, watu wameegesha magari juu ya barafu kwenye vijiziwa vya kando ya Mississippi, lakini kijito hiki kilikuwa kikitoa mvuke kama sufuria ya ugali kabla unga haujaingia. Ndani ya mvuke ule kulikuwa na mmea wa majini wa kijani kibichi, kijani cha sukuma wiki baada ya mvua. Na chini ya mmea alikuwapo trauti wa kahawia, urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole, akipanda na kushuka polepole, akila kitu nisichokiona.

Nilimtupia chambo mara arobaini hivi. Hakukimbia. Hakukijia pia. Kila kilipompita alisogea upande kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye ngazi.

Mwenye shamba alikuja kuangalia kama baridi haijaniua. Ni mama wa miaka themanini na ushee, ukoo wake Wanorwei waliohamia huku zamani. Kwetu Nyeri, Kenya, ningemwita shosho, yaani bibi, na asingekataa. Alisimama nyuma yangu mikono mifukoni, akamtazama samaki, akanitazama mimi, kisha akauliza:

"Unajua maji haya yana miaka mingapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema nikimaliza nipite nyumbani kuna kahawa, akaenda zake.

Swali lile nililala nalo na kuamka nalo wiki saba.

Mto niliouzoea

Nimekulia karibu na Kiganjo, kwa hiyo trauti si mgeni kwangu. Habari yenyewe mnaijua: mayai yaliletwa kutoka Uskoti, yakatiwa katika mto Gura mwaka 1905, walowezi wakawa na vilabu vyao na leseni zao, na sisi tukawa na mshipi wa nailoni, mnyoo, na jicho moja la kumwangalia askari. Mjomba alinifundisha kuusoma mto wa mlimani. Tafuta povu. Tafuta jiwe kubwa, maana nyuma yake maji yanapumzika na samaki anapumzika nayo. Tupa, waachie maji kazi, vuta. Trauti wa mlimani ana njaa na hana nafasi ya kufikiri, kwa sababu chakula kinampita mbio.

Ujuzi huo nikaja nao Marekani kama mtu aliyebeba panga kwenda kwa fundi cherehani.

Kijito cha chemchemi hakina povu. Jiwe kubwa hakuna. Kinapita kimya katikati ya malisho ya ng'ombe, uso wake umetulia kama maji ya karai, unahesabu changarawe chini. Nilipokiona mara ya kwanza nilidhani ni mfereji wa mtu. Misimu miwili nilivua pale kama ninavyovua mto Sagana wa kwetu, na misimu hiyo miwili nilipata samaki kumi na mmoja, wote wadogo, na nadhani wote walikuwa na matatizo yao binafsi.

Nililaumu mkono wangu. Nikanunua fimbo ya bei zaidi. (Mke wangu ukisoma hapa, bei ni ileile niliyokwambia.)

Haikunijia hata siku moja kuyalaumu macho.

Kipimajoto

Baada ya Jumamosi ile niliacha fimbo nyumbani kwa muda, nikawa naenda na kipimajoto cha dola kumi na daftari.

Chemchemi yenyewe inatoka chini ya jabali, mwisho wa malisho, mahali ambapo mchanga unacheza kama uji unaochemka. Siku ile ya kwanza: nyuzi 9 za Selisiasi. Februari, asubuhi iliyofuata usiku wa nyuzi 27 chini ya sifuri: 9. Nikaamua kuendelea hadi kiangazi nione kama itanidanganya. Julai, nje 33, ng'ombe wote wamejibana kwenye kivuli kimoja: 9 na nusu.

Ukichimba kwenda chini vya kutosha, ardhi husahau majira. Kiangazi na theluji hazifiki huko. Kinachobaki ni wastani wa mwaka mzima, na wastani wa mwaka wa sehemu hii ni karibu nyuzi 9. Maji yakikaa humo muda mrefu hutoka na joto hilohilo, liwe jua liwe baridi. Hapo ndipo nilipoona kosa langu la kwanza. Mito ya Mlima Kenya ni baridi kwa sababu ya kimo: ukishuka nayo kuelekea tambarare ubaridi unakwisha, na trauti wanakwisha pamoja nao. Kijito hiki ni baridi kwa sababu ya kina. Vyote viwili vina trauti, lakini si ndugu.

Kwa samaki huyu, joto la maji ni suala la kuishi au kufa. Trauti wa kahawia anastawi kati ya nyuzi 12 na 18 hivi. Yakipita 20 anaanza kutaabika, kwa kuwa mwili unadai oksijeni zaidi wakati uleule maji yanapobeba kidogo zaidi: lita moja yenye nyuzi 10 inaweza kushika miligramu 11 hivi, yenye nyuzi 20 inashika 9. Na majira ya baridi, mito mingine ya huku huganda hadi barafu ikashika changarawe za chini kabisa. Chemchemi inampa blanketi Januari na kivuli Julai. Ndiyo maana siku ile alikuwa anakula wakati mimi sihisi vidole vyangu.

Basi nikafikiri nimepata siri, nikahamia mdomoni pa chemchemi. Nikapoteza Jumamosi tatu.

Maji yanapotoka gizani mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha, na wadudu bado si wengi. Yanataka kutembea kwanza, yagonge mawe, yapite kwenye mimea, yapigwe na mwanga. Ukishuka mno napo, jua limekwisha kuyapata. Darajani, kilomita saba chini, Julai ileile nilipima 20. Samaki wangu alikaa mita mia tatu hivi kutoka kwenye jabali. Palepale. Hakununua kipimajoto.

Uduvi

Machi nilivuta fumba moja la ule mmea wa kijani, nikaukung'uta juu ya sahani nyeupe ya plastiki.

Sahani ikaanza kutembea.

Walikuwa wadudu wa rangi ya kijivu, wamejikunja, kila mmoja ukubwa wa punje ya mchele, wakiogelea kiubavu. Mtu wa Pwani angewaita uduvi bila kusita, na hangekosea sana, maana ni jamaa wa kamba kweli. Fumba moja, nilihesabu hadi sitini nikachoka. Na hao ni wale niliowaona.

Sababu yake ni mwamba. Mabonde haya yamechongwa katika mawe ya mchanga na ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari ya kale, karibu miaka milioni 500 iliyopita. Mvua inaponywea ardhini hupata ukali kidogo kutoka kwenye udongo, ikala chokaa polepole, ikatoka chini ikiwa imebeba kalisi. Kiumbe mwenye gamba anahitaji kalisi kama mjenzi anavyohitaji saruji. Mimea nayo inapata maji maangavu, yasiyobadilika joto, yasiyokuja kwa fujo na kung'oa kila kitu. Mimea inakuwa nyumba ya uduvi, na uduvi wanakuwa chakula cha mwaka mzima. Siku za baridi kali visubi wadogo weusi huibuka kutoka majini, wakatembea juu ya theluji kana kwamba wamepotea njia.

(Mmea huo unaliwa, ukali wake kama haradali. Niliupeleka nyumbani nikaukaanga na kitunguu. Watoto waliukataa kwa kauli moja, jambo ambalo hawajawahi kufanya kwa chochote kingine.)

Sasa mfikirie samaki. Chakula hakimpiti mbio, kimemzunguka. Anayeishi jikoni hakimbilii harufu ya chapati. Ana muda wa kukikagua kila kinachokuja, na maji yenyewe ni kioo. Trauti anayetazama juu anaona dunia kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kinachomrudishia sura ya chini ya mto. Kwenye mto wa povu duara limevunjikavunjika, kwa hiyo unaweza kumdanganya na kitu chenye sura ya chochote. Hapa duara ni zima. Anauona uzi. Anaona chambo kikivutwa nusu inchi kinyume na maji yanavyotaka, kwa sababu kila mkondo kati ya mimea una mwendo wake na uzi wangu umelala juu ya mikondo minne.

Mara arobaini nilimwonyesha kitu kisichofanana na chochote anachokijua. Kukaa kwake pale bila kukimbia, nadhani, ilikuwa heshima tu.

Picha ya shosho

Kahawa niliinywa mwishoni mwa Februari. Nilikuwa na jibu langu tayari: maji yana miaka mingi, labda ishirini, labda hamsini. Nilikuwa nimesoma.

Alinisikiliza, akaenda chumbani, akarudi na picha.

Ilikuwa shamba lile lile, jabali lile lile, miaka ya 1930. Mlima ulio nyuma ya nyumba ulikuwa umepasuliwa na makorongo ambayo trekta lingeweza kujificha ndani. Bondeni, mahali nilipopiga magoti, palikuwa na uwanja wa tope na mchanga. Kijito hakikuonekana. Nilimuuliza kiko wapi, akaweka kidole juu ya tope.

Sehemu hii wanaiita Driftless, kwa kuwa barafu kuu za kale zilizosawazisha majimbo ya jirani ziliizunguka bila kuipitia, hivyo hazikuacha masalia yake, yaani drift. Milima ikabaki mikali, udongo mwepesi juu ya miteremko. Walowezi wakalima kuteremka na mlima, wakalisha ng'ombe msituni hadi ardhi ikawa ngumu kama barabara. Mvua ikaacha kuzama. Ikawa inateremka na udongo, na bondeni udongo ulijazana, mahali pengine mita kadhaa. Chemchemi zikadhoofika kwa sababu hazikuwa zinalishwa. Trauti wenyeji wa huku, ambao wanasayansi waliwapa jina la Kilatini fontinalis, yaani wa chemchemi, walitoweka katika vijito vingi. Trauti wa kahawia, ambao mayai yao yalifika Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1883, walivumilia zaidi joto na uchafu. Samaki wangu ni mjukuu wa wahamiaji. Sina la kusema hapo.

Mwaka 1933 serikali ilichagua bonde la Coon Creek, si mbali na hapa, kuwa mahali pa kwanza nchini kujaribu kuokoa bonde zima kwa mpigo. Wakulima walitia sahihi makubaliano. Vijana wasio na kazi waliletwa kupanda, kujenga uzio, kuziba makorongo. Kulima kukafuata mkunjo wa mlima, mstari wa mahindi, mstari wa majani, mstari wa mahindi. Ng'ombe wakatolewa kwenye miteremko mikali. Ukipita leo kwa gari unaona milima imevaa mistari kama kikoi, na unadhani ni urembo.

Mimi niliona Machakos, kule Ukambani, Kenya.

Miaka ileile ya 1930 Ukambani kulikuwa na makorongo yaleyale, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kudai mifugo yao, na akaishia kuhamishiwa Lamu. Baadaye sana watu walewale walichimba matuta ya fanya juu, yale ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, kwa mikono yao, kwa hiari, na milima ikarudi. Nimewaza hilo mara nyingi nikiwa kijitoni, na bado sijui nilifanyie nini. Huku mkulima alipewa kalamu, kule alipewa askari. Udongo ulikuwa mmoja.

Mistari ile ilichukua muda kufanya kazi. Stanley Trimble, mtaalamu wa jiografia aliyelifuatilia tope la Coon Creek kwa miongo, alionyesha jinsi udongo unaojazana bondeni ulivyopungua. Na vipimo vya mito ya eneo hili vinaonyesha kwamba mtiririko wa siku zisizo na mvua, ule unaotoka chini kwa chini, umeongezeka tangu katikati ya karne iliyopita. Mvua zenyewe pia zimeongezeka, kwa hiyo sitawapa wakulima sifa zote. Lakini maji yanazama tena.

"Sasa," shosho akasema, "yana miaka mingapi?"

Nikafikiria mistari ya mlimani, nani aliichora na lini.

"Babako alikuwa hai," nikasema.

Akaniongeza kahawa.

Wakata miti

Hapa ndipo nilipogombana na mambo yote haya.

Aprili nilifika nikakuta mashine kijitoni. Watu wa kujitolea pamoja na wa idara ya maliasili walikuwa wanakata miti ya ukingoni, wanachonga kingo zilizosimama wima zilale, wanapanda majani. Mimi ni mtoto wa Nyeri. Wangari Maathai ni wa kwetu. Nimeimbishwa panda mti shuleni kabla sijajua kusoma. Kusimama pale na kuona msumeno ukingoni mwa chemchemi kulinichoma, nikarudi kwenye gari bila kuvua.

Nikamtumia mjomba sauti kwa WhatsApp, nikimlalamikia Wazungu.

Jibu lake lilikuja usiku, nyuma kuku wanasikika. "Mjomba, hiyo miti ni ya aina gani?"

Sikujua. Nilikwenda kuuliza. Ilikuwa miti inayoota upesi, yenye mizizi mifupi, iliyojaa baada ya bonde kujazwa tope. Kivuli chake kinaua majani yanayoshika ukingo. Mti ukianguka unang'oa kipande cha ukingo, kijito kinapanuka, kina chake kinapungua, kinapata joto. Na ukingo wenyewe si ukingo wa asili. Ni lile tope la mlimani la miaka ya picha ya shosho. Wanalilaza ili mafuriko yapate pa kutapakaa.

"Kwani umesahau mibuluu?" mjomba akasema nilipomrudishia hayo. "Michuki hakusema ing'olewe mitoni?"

Alisema hivyo juu ya mibuluu, yaani mikaratusi, mwaka 2009, akiwa waziri wa mazingira wa Kenya. Na kisima cha nyumbani, kile tulichokuwa tukiteka maji kabla ya mabomba, kilikauka baada ya sisi wenyewe kupanda mikaratusi kukizunguka. Nilisaidia kuipanda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilipewa soda.

Bado sijakubali kila kitu. Kwenye kingo wanafukia masanduku ya mbao za mwaloni, wanayafunika mawe na udongo, ili samaki wapate paa la kujificha. Ubunifu huo ni wa hapahapa Wisconsin, na samaki wanaingia kweli. Lakini ukisimama juu ya ukingo ulio sanduku, ukamvua samaki aliye ndani ya sanduku, unajiuliza umeenda mtoni au umeenda nyumbani kwa mtu. Niliwauliza. Kijana mmoja akasema ukingo wa asili ungechukua miaka mia kujijenga, na yeye ana likizo ya wiki mbili.

Kisha kuna mafuriko. Usiku wa Agosti 27, 2018, mvua ilipasua mabwawa matano katika mabonde haya, mabwawa yaliyojengwa kuzuia mafuriko. Maji hayakuvunja ukuta katikati. Yalipita pembeni, kwenye nyufa za mwamba wa mlima ulioshikilia kuta.

Nyufa zilezile zinazotupa chemchemi.

Shimo katika shamba la mahindi

Shosho ndiye aliyenipeleka, mwezi Mei, tukipanda mlima kwa gari lake lililokuwa na matope hadi kwenye kiti. Juu kabisa, katikati ya shamba la jirani, kuna kishimo cha duara kama bakuli, upana wa chumba, kimeota vichaka. Kitako chake ni giza. Kando ya giza nikaona jokofu la zamani, magurudumu mawili, na mifupa ambayo sikuuliza ni ya nini.

Chokaa iliyoliwa na maji kwa muda mrefu huacha mapango, na paa la pango likishuka, shamba linadidimia. Mvua inayoingia shimoni haichujwi na udongo. Inateremka moja kwa moja kwenye mabomba ya mwamba. Kusini mashariki mwa Minnesota, ng'ambo ya mto, watafiti humwaga rangi kwenye mashimo kama haya, kisha wakazingoja kwenye chemchemi kilomita kadhaa mbali. Ndivyo walivyoichora ramani ya mito isiyoonekana.

Nikakumbuka Rush Creek, upande ule wa Minnesota. Julai 2022, baada ya mvua kubwa, karibu samaki 2,500 walielea wamekufa, wengi wao trauti wa kahawia. Uchunguzi ulielekea kwenye samadi na dawa zilizokuwa mashambani. Nikakumbuka pia kwamba visima vya watu katika kaunti zile vina naitreti ya mbolea, vingine kupita kikomo cha maji ya kunywa cha miligramu 10 kwa lita, na kwamba mbolea iliyozama miaka ya nyuma bado iko njiani kuja. Sehemu ya maji ni ya zamani na inabeba dhambi za zamani. Sehemu nyingine ni ya juzi.

Kwa hiyo jibu nililompa kwenye kahawa lilikuwa nusu.

Alijua, bila shaka. Alikuwa amengoja theluji iyeyuke ili gari lipande.

Mvua ya Jumamosi

Wiki mbili zilizopita utabiri ulisema mvua kubwa asubuhi. Sikuenda kijitoni. Nilipanda mlimani kwa ruhusa ya jirani, nikasimama kando ya lile shimo na mwavuli wa watoto, wenye katuni.

Saa nne na nusu maji ya kwanza ya rangi ya chai yalitoka kati ya mistari ya mahindi, yakaingia shimoni, yakazunguka jokofu, yakapotea. Yalitoa mlio kama wa beseni linapomalizika kumwagwa. Nikaangalia saa, nikashuka.

Kijito kilikuwa safi. Mvua imekwisha, jua limetoka, mifereji ya barabarani imejaa tope, na kijito bado unahesabu changarawe. Samaki alikuwa mahali pake. Nilifunga uduvi wa manyoya, wa kijivu, nilioutengeneza mwenyewe jikoni usiku wa manane, mbaya wa sura. Nikasimama juu zaidi ya mto kuliko zamani, nikaulegeza uzi ili mikondo minne ipate cha kuvuta kabla ya kumfikia yeye. Ulipita karibu na taya lake. Akageuka. Akaufuata kwa urefu wa mkono wangu, mdomo ukifunguka kidogo, kisha akarudi.

Hajawahi kuja karibu hivyo.

Nilikata uzi, nikapanda hadi kwenye jabali, nikakaa na mkate na kipimajoto. Nyuzi 9. Saa saba. Nyuzi 9. Saa nane. Shosho akaja na kiti chake cha kukunja, akakaa bila kuniuliza ninafanya nini.

Saa tisa na robo mchanga ulio mdomoni mwa chemchemi ukaacha kuonekana. Maji yakatoka chini ya jabali yakiwa rangi ya chai ya maziwa, nyuzi 14, na harufu hafifu ya shamba.

Shosho akaangalia saa yake.

"Yana umri wa saa tano kasoro robo," akasema.

Nikaandika kwenye daftari, kisha nikakimbia chini kumwangalia samaki.